Kisizidi na Kisipungue: Hesabu za Mpaka katika Njia ya Misafara ya Tabora



Katika gazeti letu twazoea kuleta mafundisho ya Neno na habari za sharika. Mwezi huu twaleta somo la hesabu. Labda mwingine atauliza: Hesabu na Kanisa zina shirika gani? Twajibu: mtunza hazina wa usharika ahesabu kila Jumapili. Mwinjilisti afundisha watoto. Wazee wa kanisa wapanga safari, wanunua mabati, na wakati wa njaa wagawanya mahindi. Na katika kazi hizo zote swali linalokuja mara nyingi si hili, "Ni ngapi hasa?" Swali ni hili, "Mwisho wake ni ngapi?" Gari lichukue magunia mangapi, yasizidi? Akiba ya usharika isipungue kiasi gani?

Hesabu za namna hii zaitwa hesabu za kutolingana, kwa sababu pande zake mbili si lazima zilingane. Sisi tutaziita pia hesabu za mpaka, maana kazi yake ni kutafuta mpaka, na kisha kujua ni upande gani wa mpaka huo tulioruhusiwa kusimama. Tutajifunza kwa mifano ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikafika Tabora na Ujiji, kwa kuwa katika njia ile aliyekosa hesabu ya mpaka alilipa kwa mali yake, na mara nyingine watu walilipa kwa uhai wao.

1. ALAMA NNE

Tuseme x ni namba tusiyoijua bado.

x < 5 maana yake, x ni ndogo kuliko 5. Tano yenyewe haimo.
x ≤ 5 maana yake, x haizidi 5. Tano yenyewe imo.
x > 5 maana yake, x ni kubwa kuliko 5. Tano yenyewe haimo.
x ≥ 5 maana yake, x haipungui 5. Tano yenyewe imo.

Angalieni umbo la alama. Upande uliofunuka waelekea kilicho kikubwa, na ncha yaelekea kilicho kidogo. Kistari kilicho chini ya alama ni kama ruhusa: chasema kwamba mpaka wenyewe umo katika hesabu.

Msomaji wa Biblia amekwisha kukutana na hesabu hii, ijapokuwa hakuona alama. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, imeagizwa kwamba mkosaji akipigwa, mapigo yasizidi 40. Tukiita idadi ya mapigo m, basi sheria ni m ≤ 40. Na mtume Paulo, katika Waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 11, aeleza kwamba alipigwa mara tano mapigo 40 kasoro moja, yaani 39. Arobaini yenyewe iliruhusiwa. Walakini waliacha moja, wasije wakakosea kuhesabu na kuuvuka mpaka. Sheria iliyoandikwa ilikuwa m ≤ 40, bali waliyoifuata ilikuwa m ≤ 39. Twaona tena kwamba kwa vitu visivyogawanyika, kama mapigo na watu, m < 40 na m ≤ 39 ni neno moja.

2. MZIGO WA MPAGAZI

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, bidhaa za pwani zilikwenda bara juu ya vichwa na mabega ya watu. Wanyamwezi walijulikana kuliko wote kwa kazi hiyo. Walichukua nguo za merikani na kaniki, ushanga, na nyaya za shaba kwenda bara. Wakarudi pwani na pembe za ndovu. Kipimo cha uzito kilikuwa frasila, nayo ni kadiri ya ratli 35, yaani kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili, kadiri ya ratli 70. Hapo pana mpaka wetu wa kwanza: mzigo usizidi ratli 70.

Tuseme mfungaji wa mizigo ana sanduku tupu la uzito wa ratli 10, na mafurushi ya nguo yenye uzito wa ratli 8 kila moja. Je, atie mafurushi mangapi? Tuite idadi yake n. Uzito wote ni 10 + 8n, nao usizidi 70:

10 + 8n ≤ 70

Tutoe 10 pande zote mbili: 8n ≤ 60

Tugawanye kwa 8 pande zote mbili: n ≤ 7.5

Mpaka ni saba na nusu. Lakini furushi halikatwi katikati; kwa hiyo jibu la kazi ni 7. Hapa wanafunzi wengi hukosea: wakiona 7.5 huandika 8, kama walivyofundishwa kukadiria namba. Jaribuni: mafurushi 8 ni ratli 64, na sanduku 10, jumla 74. Mpagazi amezidishiwa ratli nne, naye atazichukua saa baada ya saa, siku baada ya siku. Katika hesabu za "kisizidi" twashuka hata namba nzima iliyo chini. Katika hesabu za "kisipungue" twapanda hata namba nzima iliyo juu, kama tutakavyoona.

Jibu hili laweza kuonyeshwa kwa picha. Piga mstari, uweke namba zake kwa nafasi zilizo sawa, kisha tia nukta nyeusi juu ya kila namba inayokubaliwa:

●---●---●---●---●---●---●---●---+---+
0   1   2   3   4   5   6   7   8   9

Kama kitu chapimika kwa sehemu, kama mafuta au unga, hatutii nukta moja moja, bali twakoza mstari wote hata mpaka. Mpaka ukiwa umo (≤ au ≥), mwisho wake twatia duara iliyojaa. Mpaka ukiwa haumo (< au >), twatia duara tupu.

3. KWA NINI TABORA ILIKUWAPO

Sasa tuulize neno kubwa zaidi. Je, mtu aliweza kutoka pwani na chakula chake chote, akafika Tabora asinunue kitu njiani?

Posho ya mpagazi kwa siku ilihesabiwa kwa kibaba. Kibaba kimoja cha nafaka ni kadiri ya ratli moja na nusu, na vibaba vinne ni pishi moja. Tuseme mtu huyo haendi na nguo wala ushanga. Mzigo wake wote wa ratli 70 ni chakula chake tu. Siku zake tuziite d:

1.5 × d ≤ 70

Tuzidishe kwa 2: 3d ≤ 140

Tugawanye kwa 3: d ≤ 46 na theluthi mbili

Siku zake haziwezi kupita 46. Basi, safari ilikuwa ya siku ngapi? Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kaze, iliyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Zilipita siku zaidi ya 130. Stanley alitoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, akafika Unyanyembe tarehe 23 Juni. Zilipita siku zaidi ya 90, naye alikuwa mtu wa haraka. Kwa hiyo hata mtu asiyechukua bidhaa yo yote, mwenye chakula kitupu kichwani, angalimaliza chakula chake katikati ya njia.

Hesabu hii ya mistari mitatu yaeleza mambo mengi. Yaeleza kwa nini misafara haikuweza kupita nchi bila amani na wenyeji, maana chakula kilikuwa katika mashamba yao. Yaeleza kwa nini nguo na ushanga zilikuwa fedha ya njia, zikitolewa doti kwa doti ili kununua mtama na mahindi. Yaeleza pia kwa nini Unyanyembe ulikuwa mji mkubwa wa mapumziko: hapo palikuwa na mashamba, visima, soko na nyumba, na njia zikagawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea ziwa Nyanza. Wenye kusafiri walikaa Tabora majuma na miezi, si kwa uvivu, bali kwa sababu mpaka wa mzigo uliwalazimisha kutafuta upya watu na chakula.

4. ALAMA INAPOGEUKA

Sasa twafika mahali pagumu pa somo hili. Kujumlisha namba moja pande zote mbili hakuharibu alama. Kutoa namba moja pande zote mbili hakuharibu. Kuzidisha au kugawanya kwa namba iliyo zaidi ya sifuri hakuharibu. Lakini ukizidisha au ukigawanya pande zote mbili kwa namba hasi, yaani iliyo chini ya sifuri, alama hugeuka: ≤ huwa ≥, na < huwa >.

Wengi hulikariri neno hili wasijue sababu yake. Na tulionyeshe kwa njia ya misafara. Simameni Tabora kwa mawazo, mkitazama kusini. Magharibi itakuwa mkono wa kuume, na mashariki mkono wa kushoto. Tabora iwe sifuri. Vituo vya kuelekea Ujiji ni 1, 2, 3 na kuendelea. Vituo vya kuelekea Bagamoyo ni −1, −2, −3 na kuendelea. Katika mstari huu, kila kilicho kuume zaidi ni kikubwa zaidi.

Watu wawili wametoka Tabora kwenda magharibi. Wa kwanza yuko kituo cha 2, wa pili kituo cha 5. Basi 2 < 5. Sasa mwendo wao wote ugeuzwe uwe wa mashariki, urefu ule ule: wa kwanza yuko −2, na wa pili yuko −5. Ni nani sasa aliye kuume zaidi? Ni yule wa kwanza. Basi −2 > −5. Hakuna aliyeongeza hatua wala kupunguza. Ila aliyekuwa mbele zaidi upande mmoja amekuwa nyuma zaidi kwa kugeuzwa upande wa pili. Ndivyo alama inavyogeuka. Na mwenye kukopa alijua jambo hili bila darasa: aliye na deni la shilingi mbili ana hali njema kuliko aliye na deni la shilingi tano.

Tufanye mfano. Msafara wakaa mahali ukingoja, nao una doti 120 za nguo. (Doti ni nguo ya mikono minane.) Kila siku doti 6 zatoka kwa kununua posho. Mkuu wa msafara ajua kwamba mbele yake pana nchi ya kulipa hongo, naye asiondoke na doti pungufu ya 30. Je, akae siku ngapi? Tuziite s:

120 − 6s ≥ 30

Tutoe 120 pande zote mbili: −6s ≥ −90

Tugawanye kwa −6, na alama igeuke: s ≤ 15

Asikae zaidi ya siku 15. Mtu akisahau kugeuza alama, ataandika s ≥ 15, yaani akae siku 15 au zaidi. Maana yake, kadiri akaavyo na kula, ndivyo nguo zake zinavyotosha! Mkuu wa msafara aliyeifuata hesabu hiyo angalifika katika nchi ya hongo mikono mitupu.

Sisi tunaoandika tuliwahi kukosea hesabu ya namna hii ubaoni, mbele ya watoto wa kipaimara. Msichana mmoja akasema kwa adabu, "Mwalimu, tujaribu siku ishirini." Tukajaribu: 120 toa 120, hakuna kilichosalia, nasi tulitaka 30. Tukafuta ubao. Tangu siku ile twawaagiza wanafunzi wote neno hili, nasi twawaagiza ninyi: mkipata jibu, chagueni namba moja iliyo ndani ya jibu na moja iliyo nje, mkazitie katika hesabu ya kwanza. Kwa mfano wetu, siku 10: 120 toa 60 ni 60, nayo haipungui 30, ni kweli. Siku 20: hakuna kilichosalia, si kweli. Basi jibu ni salama.

Tena iko njia ya kuepuka hatari hii. Peleka 6s upande wa pili kwa kujumlisha: 120 ≥ 30 + 6s. Toa 30: 90 ≥ 6s. Gawanya kwa 6: 15 ≥ s. Ni jibu lile lile, wala hatukugusa namba hasi.

5. MALI ISIYOSOGEA

Kuna hesabu ya mpaka iliyo fupi kuliko zote, nayo ilimfunga Dr. Livingstone pale Kwihara, karibu na Tabora. Alifika huko pamoja na Stanley mwezi Februari 1872. Tarehe 14 Machi waliagana, Stanley akaenda pwani. Livingstone aliachiwa nguo na vitu vya kumtosha kwa safari. Walakini hakuweza kuondoka. Tukiita mizigo m na wapagazi w, sheria ni hii: m ≤ w. Mizigo isizidi watu wa kuichukua. Mizigo ilikuwapo, watu hawakuwapo. Akangoja Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai, hata tarehe 14 Agosti walipofika watu 57 waliotumwa na Stanley kutoka pwani. Siku chache baadaye, tarehe 25 Agosti 1872, akaondoka, safari yake ya mwisho.

Wazee wa sharika, liangalieni jambo hili. Mara nyingi twaongeza upande mmoja wa hesabu tukidhani kazi itaendelea. Twanunua mabati, na fundi hatunaye. Twajenga darasa, na mwalimu hatunaye. Palipo na mpaka, kuongeza upande usiobana hakusaidii kitu; sharti kuongeza upande ule unaobana.

6. MIPAKA MIWILI KATIKA KARATASI MOJA

Mambo mengine yana mipaka zaidi ya mmoja. Hapo mstari hautoshi. Twahitaji karatasi yenye mistari miwili iliyopandana, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama.

Mashariki ya Unyanyembe, kabla ya kufika Ugogo, palikuwa na pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, lenye maji haba na vijiji vichache. Tuseme msafara mdogo wa watu 12, wote wakiwa wapagazi, wataka kupita siku 8 za pori bila kununua chakula. Mizigo ya nguo tuiite x, na mizigo ya chakula tuiite y.

Mpaka wa kwanza: mizigo yote isizidi watu. x + y ≤ 12.

Mpaka wa pili: chakula kisipungue. Watu 12 kwa siku 8 wala vibaba 96. Mzigo mmoja wa chakula, kama tulivyoona, ni vibaba 46 vizima. Basi 46y ≥ 96. Tukigawanya, y haipungui 2 na kidogo. Mizigo miwili ni vibaba 92 tu; wanne kati ya kumi na wawili wangalala na njaa siku ya mwisho. Kwa kuwa hii ni hesabu ya "kisipungue", twapanda: y ≥ 3.

Sasa chora. Mstari wa kulala uwe wa x, tangu 0 hata 12. Wa kusimama uwe wa y, tangu 0 hata 12. Kwa mpaka wa kwanza, jifanye kwanza kwamba pande zalingana: x + y = 12. Ukiwa x ni 0, y ni 12. Ukiwa y ni 0, x ni 12. Tia nukta hizo mbili na kuziunganisha kwa rula. Mstari uwe mzima, kwa kuwa mpaka umo. Kama alama ingalikuwa <, tungalichora vistari vilivyokatika. Ni upande gani ulioruhusiwa? Jaribu pembe ya sifuri: 0 + 0 ≤ 12, ni kweli. Basi upande wenye sifuri ndio uliokubaliwa. Kwa mpaka wa pili, chora mstari wa kulala unaopita katika y = 3, na upande uliokubaliwa ni ule wa juu. Wala mizigo ya nguo haiwezi kupungua sifuri, basi hatupiti kushoto kwa mstari wa kusimama.

Mahali palipokubaliwa na mipaka yote ni pembetatu, yenye pembe zake katika nukta hizi: x 0 na y 3, x 0 na y 12, x 9 na y 3. Tia kivuli humo. Kila nukta ya namba nzima iliyo ndani ya kivuli au juu ya kingo zake ni mpango unaowezekana. Mwenye kutaka kupeleka nguo nyingi kuliko zote ataona mara moja kwamba ni mizigo 9, na mitatu ya chakula.

Na kama ana mizigo 10 ya nguo? Au aache mmoja, au aajiri mtu wa kumi na tatu. Lakini mtu huyo naye ana kinywa. Hesabu upya: watu 13 kwa siku 8 ni vibaba 104. Mizigo mitatu ya chakula ni vibaba 138, nayo yatosha. Basi 10 + 3 = 13, na safari yawezekana. Si kila mara hesabu itakubali hivi. Ndiyo sababu sharti kuhesabu upya mpaka wa chakula kila unapoongeza mtu.

7. MPAKA NI ULINZI

Hatuwezi kuitaja njia hii tukanyamaza juu ya jambo moja. Pamoja na wapagazi walioajiriwa kwa ujira, walipita humo watu waliofungwa, waliotekwa na kuuzwa. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeajiriwa aliweza kukataa mzigo uliozidi; aliweza kuuweka chini, akadai posho yake, au akaenda zake. Mpaka ulikuwa neno lake. Mtumwa hakuwa na neno. Kwake yeye hakuna aliyeandika "kisizidi" juu ya mzigo, wala "kisipungue" juu ya chakula. Na wengi walianguka kando ya njia.

Kwa hiyo tusiudharau mpaka kana kwamba ni kizuizi tu. Mpaka mwema huwekwa kwa ajili ya yule aliye chini ya mzigo. Sheria ya mapigo 40 ilimkinga mkosaji, asidharauliwe machoni pa ndugu zake. Hata leo, katika sharika zetu, mchango usio na kiwango cha mwisho humwumiza mjane kabla ya kumfikia tajiri. Na kazi isiyo na mwisho humchosha mwinjilisti, naye huona haya kusema. Wazee wanaoketi kupanga mambo na waulize maswali yote mawili: Kisipungue kiasi gani, ili kazi ya Bwana isimame? Na kisizidi kiasi gani, ili mtu asianguke?

8. MAZOEZI

Yajaribuni nyumbani, au katika darasa la jioni, kabla ya kutazama majibu.

(a) Gari la usharika lachukua uzito usiozidi kilo 1,000. Watu waliomo wana jumla ya kilo 220. Gunia moja la mahindi ni kilo 90. Magunia yasizidi mangapi?

(b) Hazina ina shilingi 600,000. Kila juma zatoka shilingi 45,000 kwa ajili ya wagonjwa. Akiba isipungue shilingi 150,000. Msaada huu waweza kuendelea majuma mangapi, kama hakuna kinachoingia?

(c) Tafuta x: −3x < 12. Chora jibu katika mstari wa namba.

(d) Katika karatasi yenye mistari miwili, onyesha mahali panapokubaliwa na x + y ≤ 8 pamoja na y ≥ 2, x isipungue sifuri. Je, nukta ya x 6 na y 2 imo? Na nukta ya x 7 na y 2?

Majibu. (a) 220 + 90g ≤ 1,000; 90g ≤ 780; g haizidi 8 na theluthi mbili; basi magunia 8. (b) 600,000 − 45,000w ≥ 150,000. 45,000w ≤ 450,000. W ≤ 10. Majuma 10, na juma la kumi limo. (c) Twagawanya kwa −3, alama yageuka: x > −4. Duara tupu juu ya −4, na mstari ukozwe kwenda kuume. (d) Ya kwanza imo, maana 6 + 2 ni 8, na mpaka umo. Ya pili haimo, maana 7 + 2 ni 9.

Aliyepata yote manne na amfundishe jirani yake. Aliyekosa la (c) asihuzunike. Na arudi Tabora, asimame akitazama kusini, awatazame tena wale wasafiri wawili. Bwana awe pamoja nanyi.